Zungusha Pete, Usizungushe Waya

Agripina, mama yangu,

Kaa kwanza. Ukiisoma barua hii umesimama utaitupa katikati na kuja mbio huku Kilakala, nami nakujua, miguu yako hutangulia akili. Kaa hapo hapo kwa mama yako mdogo, uimalize, ndipo uamue kunichukia au kuniacha. Salamu naziruka. Tumeachana alasiri hii, wewe mzima na mimi mzima, isipokuwa mkono wangu wa kushoto ambao tangu ule ugonjwa unaning'inia tu kama si wangu, na isipokuwa roho yangu, ambayo ndiyo nataka kukueleza.

Mama mdogo Leokadia yuko sebuleni anakunywa chai yangu na kunisema. Amekuja kuchukua begi lako. "Dada, andika upesi, mvua nyingine hiyo inakuja na mwenye bajaji anataka kwenda zake." Nimemwambia mwenye bajaji naye apewe chai. Begi na barua utakabidhiwa alfajiri, si kabla ya hapo. Ameniapia kwa Bikira Maria, na Leokadia kwa mambo mengine ni muongo lakini hapo hachezi.

Mambo ya sweta na maji ya kuchemsha sitakuandikia. Umeshakuwa mkubwa, na nilishayasema mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Nina jambo moja tu, na kila nikilianza kalamu inakwenda pembeni.

Basi lako la Mwanza linapita Msamvu kesho asubuhi. Umeshaahirisha mara mbili. Yule bwana wa karakana ya redio za meli alikwambia kwenye simu, kwa mdomo wake, "Jumatatu nisipokuona, nafasi nampa mwingine, usinilaumu." Uliiweka simu spika, nami nilikuwa nimesimama jikoni, nilisikia. Na leo, baada ya soketi ya antena ya redio yetu kung'oka, ulilivua begi begani, ukaliweka chini, ukasema, "Mama, siendi tena. Acha ampe huyo mwingine." Kisha ukachukua mwavuli ukaenda mjini kutafuta soketi, ukasema utalala kwa mama mdogo ili kesho uwahi mafundi wakifungua. Kesho uwahi mafundi! Kesho ambayo ilikuwa uwahi basi!

Pina, redio nimeivunja mimi.

Nimeandika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, aliyezaliwa ndiye wewe, sasa nifiche nini tena?

Nikueleze ilivyokuwa, tangu mwanzo, bila kujipamba. Siku ile ulipopigiwa simu kutoka Mwanza, ulitoka uani unaruka kama mbuzi mdogo na simu sikioni. Mawingu yalikuwa yameshika mlima wote na radi imeanza. Unajua desturi yetu: radi ikilia tunachomoa waya wa antena nyuma ya redio, ikitulia tunaurudisha. Masika nzima ni kuchomoa na kuchomeka, ndiyo maana vichwa vya waya vyetu vinazeeka kabla ya redio yenyewe. Kazi ile siku zote ulikuwa ukiifanya wewe. Siku ile nilikuona una furaha, nikasema nisimkatishe mtoto, nitachomoa mwenyewe.

Ulishaniambia mara ngapi? "Mama, zungusha pete, usizungushe waya." Mkono mmoja unashika waya utulie, mwingine unafungua ile pete ya nje polepole, kama kifuniko cha chupa. Mimi mkono wa kushika sina. Nikakamata vyote pamoja kwa mkono wa kulia, nikavisokota. Nikahisi kitu kimekatika ndani, kidogo tu, kama unapovunja uzi kwa meno. Kwa nje huoni kitu. Radi ilipotulia nikarudisha, nikanyamaza.

Jioni ile mjomba wako Banzi akasikika kutoka kwake mlimani, kwa mbali, sauti nyembamba, inakuja inapotea. Bahati njema ukaniwahi kabla sijabonyeza kumjibu, maana kusema wakati waya umekatika ni kuichoma redio tumboni. Ukafungua, ukakuta ule uzi wa shaba wa katikati umejisokota na kukatika pale pale ulipolehemiwa. Ukanitazama. Nikasema, "Umechakaa tu, mwanangu." Ukampigia bwana wa Mwanza, ukamwomba muda.

Hiyo ya kwanza ilikuwa bahati mbaya pamoja na uongo mdogo. Mungu ataipima mwenyewe. Lakini ngoja nikwambie kilichonipoteza. Zile siku ulizobaki, ulikuwa unakaa mezani na chuma chako cha kulehemu, moshi wa risasi unapanda, unaimba nyimbo zenu hizo zisizo na maneno, unaniuliza, "Mama, hivi huyu mzee wa Tabora unayeongea naye redioni ni mzee kweli au anabana sauti?" Tukacheka mpaka Mama Rehema wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilikula ndizi sahani nzima. Tangu baba yako afariki sikuwahi kushiba vile. Nikasema moyoni, hivi akikaa wiki moja tu zaidi, nani ataumia?

Ya pili nilikusudia. Soma hapo polepole, sitaki uniandikie visingizio. Wewe ulikuwa kanisani. Nilichukua kisu cha kumenyea viazi, nikaichomoa plagi ya kipaza sauti, zile pini zake nyembamba kama sindano, nikaipinda moja kwa ncha ya kisu. Kisha nikairudisha plagi kwa nguvu ili ile pini ilale kabisa. Mkono wangu mgonjwa ulikuwa umelala mapajani, na huu mzima ulitulia tuli kama wa mwizi mzoefu. Uliporudi nilikuwa nachambua mchele.

Ukabonyeza, redio haisemi. Ukasema plagi ni mbovu, ya juzi tu. Ukaondoka na moto wako mpaka dukani kwa Bwana Premji ulikoinunua, ukamfokea mzee wa watu mbele ya wateja wake, eti anauzia watu takataka. Mzee yule ana umri wa kuamkiwa na mimi shikamoo, sembuse wewe. Akakupa nyingine bure na pole juu. Ulirudi bado umevimba, unasema, "Mama, watu hawana haya siku hizi." Nami nikakujibu, "Ndiyo dunia hiyo, mwanangu." Ndiyo dunia! Loh! Ulimi huu ulistahili kuchomwa kwa hicho chuma chako.

Ukaahirisha tena, ukasema huondoki kabla hujailehemu hiyo mpya na kuijaribu.

Sasa ya leo. Wallahi, kama wanavyoapa majirani zetu, ya leo sikukusudia. Leo nilikuwa nataka kutubu kwa vitendo. Nilikuona unafunga begi, nikasema angalau aondoke redio ikiwa imara. Kule kuvutavuta kwangu kulikuwa kumelegeza skrubu za ile soketi kubwa ya nyuma, inacheza ukiigusa. Nikachukua plaizi nikaze. Mtu wa mkono mmoja na plaizi! Badala ya skrubu kuzunguka, ikazunguka soketi nzima. Ikalia ka! Nikaona imetoka na kipande cha bodi, na ile njia ya shaba imebanduka kama ganda la kitunguu. Nilikaa chini sakafuni. Hapo ndipo uliponikuta, ukadhani nimeanguka tena, ukapiga kelele.

Na maneno uliyosema ulipoiona ndiyo yamenikalisha kuandika. Ulisema, "Mama, mara tatu. Hii si bahati mbaya tena. Ni Mungu anasema nisiende."

Mungu hakusema kitu, Pina. Aliyesema ni plaizi.

Ulipotoka tu na mwavuli wako, nilijifunga khanga nikachukua bodaboda mpaka kwa Bwana Premji. Nikamkuta anampimia mtu waya. Nikamwamkia, nikamwambia yote, na ile pini, na kisu. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kupima waya wake mpaka mwisho, akaukata, akaufunga, akampa mteja. Kisha akasema, "Mama Pina, mimi muuza waya tu. Kunieleza mimi ni rahisi. Nenda kamweleze yeye." Akageuka kuhudumia mwingine. Nilitembea kutoka pale, nikajikuta nimeloa na sikujua mvua ilianza saa ngapi.

Nilitaka kukwambia uso kwa uso. Nilikwenda mpaka kwa mama mdogo, nikakuona kwa dirishani umelala kochini, umejikunja, kiganja kimejaa skrubu. Nikarudi. Mwoga mkubwa mimi. Nilimwita tu Leokadia nje nikamnong'oneza anifuate huku.

Sasa nikwambie habari moja ya bibi yako, Mungu amlaze pema. Nilipokuwa msichana pale zahanati ya misheni, ndiye niliyekuwa nashika redio ya upepo, ile ya kuitana na hospitali. Sista mkubwa aliona nina sikio, akaniombea nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea mawasiliano. Siku ya safari bibi yako akashikwa na tumbo. Tumbo! Alijiviringisha pale kitandani, anaita majina ya wazee wote wa ukoo. Gari la misheni likaningoja mpaka likachoka, likaondoka. Lilipofika kule kwenye kona, bibi yako akaniomba uji. Akanywa bakuli mbili.

Sikumwuliza kamwe. Nilimpenda mpaka siku ya kifo, nilimwogesha kwa mikono hii. Lakini kila alipocheka nilikuwa nalikumbuka lile gari. Hata siku tunamzika nililikumbuka. Ndicho ninachokiogopa, mama. Ukibaki utanipikia, utaniogesha, utanipenda, maana nimekuzaa nakujua. Na siku moja utafungua ile plagi ya zamani, utaiona ile pini ina alama ya kisu, na hutaniuliza.

Unajua kwa nini sikuweza kuiachia redio? Watu wa hapa mtaani wananicheka, "Mama Pina na mashine yake, enzi hizi za simu." Waache wacheke. Ulipokuwa unazaliwa tulikuwa kule juu, baada ya Kinole, na mvua imekata njia. Mjomba wako Banzi ndiye aliyekaa kwenye redio ya misheni kuita gari la hospitali. Kichwa cha waya kilikuwa kimeingia maji, kimeota ile kutu ya kijani, na ukikiachia tu sauti inakatika. Basi akakishika. Alikaa amekishika kwa vidole akikibana kwenye soketi, anaita, anasubiri, anaita, na kila akibonyeza kusema kile chuma kinamchoma vidoleni. Hakuachia mpaka gari lilipofika mtoni na wanaume wakanibeba kwa machela kulifuata. Zile alama za vidoleni kwake ulikuwa ukimwuliza utotoni, naye anakwambia ni jiko la mkaa. Si jiko, ni wewe.

Kwa hiyo misheni walipopata simu na kutaka kuzitupa zile redio mbili, nililia nikapewa. Moja nikamwachia yeye mlimani, moja nikaja nayo huku nilipoolewa. Tukatafuta vibali vya watu wanaozungumza redioni kwa mapenzi tu, wewe nawe ulipokua ukapata chako. Na siku ile nilipoanguka hapa jikoni, wewe ukiwa chuoni Mazimbu, si Banzi aliyeita jioni akaona kimya? Alipanda mpaka makaburini, ndiko kunakoshika simu, akakupigia. Ungechelewa kidogo ungekuta maiti. Ninajua ndiyo hofu yako. Uliniambia leo ukiwa umekunja ngumi, "Na ukianguka tena na redio haisemi, nani atajua?" Nilikutazama tu nikiwaza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeziba mdomo wa kitu kilichoniokoa, kwa kisu cha viazi.

Na Banzi naye. Unakumbuka wiki iliyopita, kabla sijaharibu kipaza sauti? "Dada, nakupata vizuri. Ule ufa juu ya migomba umeongezeka. Ova." Nikamwambia ahame, akaniambia nyumba ya mama yetu haihami. Na sasa hatumsikii, na yeye hatusikii, na mvua ndiyo hiyo haitaki kusikia la mtu. Kila tone likigonga bati nahesabu kosa langu. Nimekosa usingizi mpaka macho yanawasha. Nimesali rozari nikafika katikati nikasahau nilikuwa naomba nini, kwa sababu nilikuwa naomba vitu viwili: uende, na usiende.

Leokadia ameingia sasa hivi. Amesoma juu ya bega langu, hana adabu. Amekaa kitandani analia. Anasema, "Dada, mimi nilidhani ni mimi tu." Nikamwuliza wewe ulifanya nini? Hataki kusema. Mtamalizana huko huko, mimi nina yangu ya kunitosha.

Nisikilize, nimekata shauri, na usijaribu kulibadilisha maana utakapokuwa unasoma litakuwa limeshatendeka.

Nimemwita yule kijana wa pikipiki wa Bigwa anayepeleka mizigo ya mjomba wako. Atanichukua kabla hakujapambazuka. Tutakwenda mpaka njia inapoishia, na pale nitapanda kwa miguu. Miguu sijaugua. Mlima ule nimeupanda na ndoo kichwani, nimeupanda na wewe tumboni. Nikifika nitamshika Banzi sikio, kaka mkubwa hivyo hivyo, nimtoe chini ya ule ufa, nimpeleke kwenye nyumba ya kanisa pale kigangoni, ambako ni tambarare, yeye na redio yake na betri yake. Akikataa nitalala humo humo ndani kwake, aone kama atamwacha dada yake afukiwe. Atatoka. Namjua.

Huko nitakaa. Sijui mpaka lini. Najua unavyosaga meno sasa hivi, unasema, "Mama ana wazimu, mkono mmoja, mvua hii." Ni kweli ninaogopa. Naogopa mpaka tumbo linanikata, na hili si tumbo la bibi yako, ni la kweli. Lakini mama, mimi ndiye niliyeukata huu waya, na kama kuna mtu wa kwenda kuushika kwa vidole, si wewe.

Redio yetu iko ndani ya begi lako. Nimeizungushia khanga mbili na lile shuka la kimasai, ile soketi iliyong'oka nimeifunga kwenye kitambaa pembeni pamoja na skrubu zilizobaki. Mafundi wetu wa hapa ni wa simu na runinga, hawataiweza ile bodi, na vile vichwa vya bei rahisi unavyopata huku plastiki yake inayeyuka ukikaribisha moto tu, pini ya katikati inalala upande. Huko karakanani kwao wanatengeneza redio za meli zinazopigwa na mawimbi kila siku. Watakuwa na soketi za maana. Utaitengeneza jioni ukishamaliza kazi za watu. Usiirudishe Morogoro. Kibali unacho. Masafa ya jioni tunayotumia unayajua kuliko mimi, na yule mzee wa Tabora huwa tunampata kutoka mlimani bila shida, sembuse Mwanza na antena nzuri.

Ukiitengeneza, funga kiungo cha nje kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na waya uuache uning'inie tumbo kidogo kabla haujaingia dirishani, maji yadondokee hapo yasifuate waya mpaka ndani. Haya, nilisema sitakupa maagizo. Nimekosa, moja tu hilo.

Jingine si agizo. Miaka yote hii sijawahi kukuta waya wa antena umekatika katikati, labda umetafunwa na panya. Hukatikia kwenye kiungo, pale kitu kinapokutana na kitu, na mara nyingi anayekata ni yule anayekaza kwa sababu anaogopa kitalegea. Nimekaza sana, Pina. Nilikukaza tangu baba yako alipotuacha. Ulipotaka kulala bweni nilikataa, nikasema chakula chao kibaya. Yule kijana wa Dodoma aliyekuja kujitambulisha nilimpa chai baridi makusudi. Unalijua hilo? Chai baridi, bila sukari. Hakurudi, nawe ukasema hakuwa mtu wa maana. Huenda hakuwa. Sikumpa nafasi ya kuonekana.

Sikuombi unihurumie. Ukitaka kunikasirikia, kasirika ukiwa ndani ya basi, safari ni ndefu, utakasirika mpaka Singida na bado utabakiwa na njia. Ukitaka kulia, lia, abiria watadhani umefiwa watakupa maji. Ila usishuke. Hata Leokadia akikupigia simu akalia, usishuke. Hata ukisikia redioni mvua imefanya nini Morogoro, usishuke, hakuna utakachokuja kufanya isipokuwa kunifanya nikuzibie njia mara ya nne.

Kwa Bwana Premji nimeshaomba msamaha wako na wangu. Ukipata mshahara, huna deni lolote kwake. Ukifika siku moja mjini ingia tu umwamkie.

Na nyumbani usije. Nakwambia kabla hujafunga viatu. Nyumba nitaifunga kufuli, na ufunguo naondoka nao mlimani kifuani kwangu. Mama Rehema hana wa akiba, nimeuchukua. Dirisha la uani unaloingilia ukichelewa nimempa mwenye bajaji kazi ya kuligongelea misumari, unamsikia? Hapana, husikii, lakini anagonga sasa hivi, na Leokadia anamwelekeza vibaya. Hakuna kitanda chako hapa kesho, hakuna redio ya kutengeneza, hakuna mama wa kumlinda. Nimekuondolea kila kitu cha kubakia. Ni kazi ya mkono mmoja, lakini nadhani imekaza.

Machozi yameharibu mstari huo wa juu, usome kwa kubahatisha.

Kila jioni, Mungu akinifikisha, nitakuwa nimekaa mbele ya redio ya mjomba wako. Ameshasema siku nyingi nisiguse waya hata mmoja, na sitagusa. Nitasikiliza tu. Huenda ikakuchukua wiki kuitengeneza, huenda mwezi, huenda ukaitengeneza upesi ukakaa nayo kimya kwa sababu hutaki kuisikia sauti yangu. Una haki. Nitakaa nasikiliza ule mchakacho mpaka betri ya Banzi iishe, aichaji, nisikilize tena. Na siku utakayoita, sitakuuliza kama umenisamehe. Nitakuuliza lile tunalomwuliza kila mtu wa redioni: uko wapi? Nakuomba, mama yangu, nakupigia magoti, nijibu Mwanza.

Mama yako